Elementi Tano Hazikuanza kwa Ajili ya Utulivu Wako

Hii chati mmeiona. Duara, rangi tano, mishale inazunguka, na juu yake maandishi makubwa: JUA ELEMENTI YAKO. Mti, Moto, Udongo, Chuma, Maji. Unajaza tarehe ya kuzaliwa, unaambiwa wewe ni Moto, ndio maana yule mpenzi wako wa zamani alikuzima, kumbe yeye alikuwa Maji. Halafu unauziwa kozi ya kusawazisha nishati yako, na mafuta, na jiwe, na chai. Chini kabisa kwa herufi ndogo: hekima ya Kichina ya miaka 5,000.

Nimeshinda na hii mada wiki kadhaa na nataka kubishana na hayo maneno ya mwisho. Si kwa sababu nachukia chai. Ni kwa sababu historia yenyewe ni tamu kuliko chati, na inatisha zaidi. Elementi tano zilipopata jina kubwa, hazikuwa zinakuhusu wewe kama mtu binafsi. Zilikuwa zinajibu swali la siasa: nani anafaa kutawala saa hii, na zamu yake inaisha lini? Mwili uliingizwa ndani baadaye. Na hilo neno "nishati" limeingizwa juzi tu, na Mfaransa.

Tuanze na jina. Wachina wanasema wu xing. Wu ni tano. Xing ni kwenda, kutembea, kutenda. Kwa hivyo "elementi" ni tafsiri mbovu kidogo, mienendo mitano ingekaribia zaidi. Tofauti ni kubwa. Wagiriki walipotaja vitu vyao vinne walikuwa wanauliza dunia imetengenezwa kwa nini. Hivyo vinne vyao vilipitia kwa Waarabu vikafika hadi pwani yetu. Ukiwahi kusikia mtu wa falaki Mombasa akisema fulani ana nyota ya moto au ya maji, ya upepo au ya udongo, hapo unasikia Ugiriki. Wachina walikuwa na swali lingine: vitu vinageukaje? Nini kinafuata nini? Nini kinakishinda nini?

Ukisoma Shujing, kitabu chao cha kale cha nyaraka za wafalme, kuna sura inaitwa Hong Fan ambapo hizi tano zimetajwa, na kila moja inaelezwa kwa kazi yake. Maji hulowesha na kushuka. Moto huwaka na kupanda. Mti hupinda na kunyooka. Chuma hukubali kubadilishwa umbo. Udongo hupandwa na kuvunwa. Basi. Na angalia mpangilio wa hiyo sura: ni mzee mwenye busara anamshauri mfalme aliyetoka kushinda vita. Ni mwongozo wa kutawala. Hakuna mtu anapumua polepole kwenye mkeka.

Sasa ingia Zou Yan. Huyu jamaa aliishi karne ya 3 KK, mtu wa dola ya Qi, upande wa Shandong ya leo. China wakati huo ilikuwa vipande vipande, dola zinapigana bila kupumzika, na kila mfalme anataka kuambiwa yeye ndiye atameza wengine. Vitabu vya Zou Yan vyote vimepotea, tunamjua kupitia wengine, hasa mwanahistoria Sima Qian. Huyu anasimulia kwamba Zou Yan alipoenda Yan, mfalme wa huko alishika ufagio akamfagilia njia, kisha akaomba kukaa miongoni mwa wanafunzi wake. Sima Qian mwenyewe anaweka hiyo kando ya Confucius, ambaye safarini alikaribia kufa njaa. Kwa lugha ya leo, Confucius alikuwa na maudhui mazuri na Zou Yan alikuwa na wafuasi.

Alikuwa anauza nini? Alisema kila nasaba, yaani kila ukoo unaotawala, inabebwa na mwenendo mmoja kati ya mitano, na kila mmoja unashindwa na unaoufuata. Mfalme wa Manjano wa zamani za hadithi alikuwa Udongo. Mti hupasua udongo kwa mizizi, kwa hivyo nasaba ya Xia ikaja kwa Mti. Chuma hukata mti, Shang wakaja kwa Chuma. Moto huyeyusha chuma, Zhou wakaja kwa Moto. Unaona inakoenda? Zhou ndio walikuwa wamekaa kwenye kiti, wazee, wamechoka. Moto unazimwa na nini?

Hiyo ndiyo akili ya hii kitu. Haisemi "fulani aondoke." Inasema zamu imefika. Wakenya hiyo lugha ya zamu tunaielewa bila kufafanuliwa. Mtu akikuambia huyu ni mbaya, unaweza kubishana. Akikuambia maji huzima moto, utabishana na nini?

Mwaka wa 221 KK mfalme wa Qin alimaliza kuwameza wote akajiita Mfalme Mkuu wa Kwanza, Qin Shi Huang. Akachukua kifurushi chote cha Maji kama alivyokikuta. Rangi ya Maji ni nyeusi, basi bendera na mavazi ya sherehe yakawa meusi. Namba ya Maji ni sita, basi kofia za maafisa zikapimwa kwa sita, gari la mfalme likavutwa na farasi sita, hata hatua moja ya mguu ikahesabiwa kwa vipimo sita. Mwaka mpya ukasogezwa uanze mwezi wa kumi, mwanzo wa baridi, kwa sababu baridi ni majira ya Maji. Mto Manjano ukapewa jina jipya la kusifu nguvu za Maji. Hiyo yote unaweza kucheka. Sehemu inayofuata huwezi. Sima Qian anaandika kwamba kwa kuwa Maji ni baridi na giza, utawala wenyewe ulipaswa kuwa mkali: kila jambo liamuliwe kwa sheria, bila huruma, bila upole, na msamaha ukawa adimu kwa muda mrefu.

Yaani ukali wa serikali ukapewa sababu ya hali ya hewa. Si sisi, ni Maji.

Kilichowamaliza ni mvua. Mwaka wa 209 KK kikosi cha wanaume 900 waliokuwa wanapelekwa kulinda mpaka kilikwama kwa mvua kubwa, barabara zikakatika. Kwa mujibu wa Sima Qian, kuchelewa kulimaanisha kukatwa kichwa. Wawili wao, Chen Sheng na Wu Guang, wakapiga hesabu: tukifika tunakufa, tukikimbia tunakufa, tukiasi pia tunaweza kufa, basi angalau tuasi. Uasi ukasambaa kama moto wa nyasi. Nasaba iliyojitangaza kuwa ya milele haikufika hata miaka 16.

Ungedhani hapo watu wangeitupa hiyo nadharia. Hapana. Ndipo ikapanda bei.

Nasaba ya Han iliyofuata ilishindwa kukubaliana yenyewe ni nini. Mwanzilishi wake, Liu Bang, alibaki na Maji. Karibu mwaka wa 166 KK msomi mmoja, Gongsun Chen, akaandika kwa mfalme: Qin ndio walikuwa Maji, sisi tuliwashinda, udongo huzuia maji, kwa hivyo sisi ni Udongo, na ishara yake itakuwa joka la manjano. Waziri mkuu Zhang Cang akakataa kabisa. Sisi ni Maji, akasema, na ushahidi ni kwamba mto umevunja kingo zake. Mwaka uliofuata taarifa ikaja kutoka mahali panaitwa Chengji: joka la manjano limeonekana. Gongsun Chen akaitwa kasri, Zhang Cang akaanza kupoteza nafasi yake. Joka, wasee. Mtu alipoteza nguvu serikalini kwa sababu ya joka lenye rangi sahihi. Ilichukua hadi 104 KK, chini ya Mfalme Wu, ndipo Han wakahamia rasmi kwa Udongo, rangi ya manjano, namba tano, na kalenda mpya juu yake.

Halafu kuna Wang Mang, na hapa ndipo niliweka simu chini nikacheka peke yangu. Kuna njia mbili za kupanga hizi tano. Moja ni ya kushindana, ile ya Zou Yan. Nyingine ni ya kuzaana: mti hulisha moto, moto huacha majivu ambayo ni udongo, udongo hutoa chuma, chuma hutoa maji (wanasema ni kama umande unavyotanda juu yake), maji hukuza mti. Mpangilio huu wa pili ndio upo kwenye ile chati yako, mishale ya nje, ile ya upendo. Ulipata nguvu ya kisiasa mwishoni mwa Han ya kwanza, wakati wasomi walikuwa wanapanga upya historia nzima. Kwa hesabu mpya, Han hawakuwa Udongo tena, walikuwa Moto. Na Wang Mang, ndugu wa upande wa malkia, aliyekuwa anasogelea kiti polepole, akawa Udongo. Moto huzaa udongo. Mwaka wa 9 BK akachukua ufalme, na kwa karatasi hakupindua mtu. Alirithi, kama mtoto.

Fikiria hilo. Ukiwa na jeshi unatumia mzunguko wa kushindana. Ukiwa ndani ya nyumba tayari, unatumia wa kuzaana. Maumbile ni yaleyale, mishale imegeuzwa tu.

Alikufa vibaya, Han wakarudi, na wao wakaikubali ile hesabu kwamba wao ni Moto. Kwa hivyo kila mtu aliyewachukia alijua rangi ya kuvaa. Mwaka wa 184 BK maelfu kwa maelfu ya wakulima waliochoshwa na njaa na magonjwa walijifunga vitambaa vya manjano kichwani wakainuka chini ya Zhang Jue, mponyaji aliyewatibu wagonjwa kwa maji ya hirizi na kuwataka waungame makosa yao. Ujumbe wao ulikuwa kwamba anga ya zamani imekufa na ya manjano imefika. Serikali iliwavunja kwa damu nyingi. Lakini miaka 36 baadaye, mwaka wa 220, Cao Pi, ambaye baba yake Cao Cao alijijengea jina kwa kupigana na haohao wenye vitambaa, alimwondoa mfalme wa mwisho wa Han, akakipa kipindi chake jina la Huangchu. Maana yake: mwanzo wa manjano. Wakulima walikufa wakisema zamu ya manjano imefika, na mtoto wa aliyewaua akaichukua hiyo zamu.

Sasa tuingie mwilini, maana najua wengi mlikuja kwa hilo.

Mwaka wa 1973 wachimbaji huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, walitoa kaburini maandishi ya tiba yaliyofungiwa humo mwaka wa 168 KK. Yanaeleza njia za mwilini, ila ni 11, si 12 zinazofundishwa leo. Na mfumo ule wa kila kiungo kuwa na elementi yake, rangi yake, ladha yake na majira yake haujapangwa humo. Kuna dawa za bawasiri, kuna mazoezi, kuna mambo ya chumbani. Madaktari walikuwepo kazini bila ile chati.

Zaidi ya hapo, hata viungo vyenyewe vilihama. Leo utaambiwa ini ni Mti na majira yake ni ya machipuko. Lakini kalenda ya sadaka iliyo ndani ya Lüshi Chunqiu, kitabu cha karibu 239 KK, inatanguliza bandama wakati wa machipuko, mapafu wakati wa joto, moyo katikati ya mwaka, ini wakati wa mapukutiko, na figo wakati wa baridi. Kulikuwa na wasomi walioshikilia kwamba moyo ni Udongo kwa kuwa ndio katikati. Walioufanya moyo kuwa Moto na ini kuwa Mti ndio walioshinda huo ubishi, na ushindi wao uko ndani ya Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha tiba ya Kichina, kilichokusanywa kuanzia karibu karne ya 1 KK.

Na kifungue hicho kitabu uone lugha yake. Moyo ni mfalme. Mapafu ni waziri mkuu. Ini ni jenerali wa jeshi. Bandama na tumbo ni maafisa wa maghala ya nafaka. Hii ni serikali ya Han ndani ya kifua chako! Ufalme uliokuwa umeunganishwa juzijuzi, wenye barabara, mifereji na maghala, ukaugeuza mwili kuwa ufalme wenye mifereji. Ndio maana ugonjwa ukawa kuziba. Mto ukiziba mkoa unakufa njaa. Kuna mwanahistoria wa tiba, Paul Unschuld, ambaye ameandika mengi kuhusu hili, na mimi nakubaliana naye: picha ya mwili ilifuata picha ya dola.

Qi je? Neno lenyewe lina ukoo na mvuke, ukungu, pumzi, ule moshi unaopanda kwenye sufuria ya wali. Ni kitu kinapita na kugeuka, kinaganda na kutawanyika. "Nishati" ililetwa hasa na George Soulié de Morant, Mfaransa aliyefanya kazi za kibalozi China, ambaye miaka ya 1930 aliandika kuhusu tiba ya sindano akatafsiri qi kuwa énergie. Ulaya ya wakati huo ilikuwa imezama kwenye umeme na redio, neno likaingia vizuri. Baada ya hapo ikawa mtu ana nishati kama simu ina chaji, na inaweza kuisha, na anaweza kuuziwa.

Na "usawa" ndio unanishangaza zaidi. Kwenye hiyo kalenda ya kale, usawa haukuwa hizi tano zilale kwa amani, kila moja asilimia 20. Kila moja ilipaswa kutawala kwa wakati wake na kunyamaza kwa wakati wa nyingine. Machipuko ni ya Mti, kila kitu kinaota, kwa hivyo usiue. Mapukutiko ni ya Chuma, na Chuma ni kisu, kwa hivyo ndipo watu waliohukumiwa kifo walinyongwa au kukatwa. Karne na karne baadaye, chini ya Ming na Qing, kesi nyingi za kifo bado zilisubiri mapukutiko. Kuishi kwa kufuata maumbile kulihusisha pia kujua mwezi wa kuua. Hiyo haiko kwenye mafuta ya lavenda.

Usidhani Wachina wenyewe walimeza yote. Wafuasi wa Mozi walisema zamani sana kwamba hakuna ushindi wa kudumu kati ya hizi tano: moto mwingi huyeyusha chuma, lakini chuma kingi huponda makaa yote. Inategemea wingi. Sentensi moja, mzunguko mzima umetoboka.

Lakini mtu wangu ni Wang Chong, aliyezaliwa mwaka wa 27 BK. Alitoka familia maskini, hakuwa na pesa za vitabu, kwa hivyo alipokuwa Luoyang alikuwa anashinda sokoni kwenye vibanda vya wauza vitabu, anasoma amesimama, anashika kichwani, anaenda. Mimi niliyeacha chuo na elimu yangu nyingine nikaiokota kwenye simu na kwa wale wauzaji wa vitabu vya mitumba jijini, zile tunaita inama, huyu namwita ndugu. Kitabu chake Lunheng kinauliza maswali ya mtoto msumbufu. Mnasema panya ni mnyama wa Maji na farasi ni wa Moto, na maji hushinda moto. Mbona panya hafukuzi farasi? Jogoo ni wa Chuma na sungura ni wa Mti. Mbona jogoo hamdonoi sungura akamla? Anaangalia wanyama halisi, anaona anayeshinda ni mwenye nguvu, meno, au ujasiri. Aliandika hayo karibu miaka 1,900 iliyopita, na hata leo hakuna mwenye kozi ameyajibu.

China ya kisasa ilipigana vita hivyo waziwazi. Mwaka wa 1929 pendekezo la daktari Yu Yunxiu la kukomesha tiba ya jadi lilipitishwa na kamati ya afya ya serikali, na matabibu wakafunga kazi na kuandamana hadi likakwama. Baada ya 1949 chama cha Mao kilikuwa na nchi kubwa, wagonjwa wengi na madaktari wa kisasa wachache, kikaamua kuipanga tiba ya jadi upya. Mwaka wa 1956 vyuo vinne vya serikali vilifunguliwa, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na mafundisho yaliyokuwa yanapingana kwa karne nyingi yakalainishwa kuwa vitabu vya darasani. Mwaka wa 1971 mwandishi wa New York Times, James Reston, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo Beijing, kisha akachomwa sindano za kutuliza maumivu, akaandika. Magharibi ikawaka. Uingereza, J. R. Worsley alikuwa tayari anafundisha mtindo wake wa elementi tano ambapo kila mtu ana moja iliyoyumba, na hapo ndipo ladha ya "wewe ni mtu wa Moto" inapotoka kwa kiasi kikubwa. Nitakuwa mkweli: Neijing nayo ina sura inayogawa watu aina 25. Kwa hivyo mbegu ilikuwepo. Duka ndilo jipya.

Kuna mtu ataniuliza, sasa hiyo tiba yote ni bure? Sijasema hivyo. Dawa ya malaria unayopewa kwenye hospitali zetu za umma tangu 2006, ile AL, ina kiungo kilichotoka China. Tu Youyou, kwenye mradi wa siri wa jeshi ulioanza 1967, alipitia mapishi ya kale hadi kwa Ge Hong wa karne ya 4, aliyeandika kwamba kwa homa uloweke konzi ya mmea wa qinghao kwenye maji, ukamue, unywe juisi. Haikuchemshwa! Tu akaona pengine joto ndilo lilikuwa linaharibu dawa, akatumia njia ya joto la chini, akajaribu kwa nafsi yake kwanza mwaka wa 1972. Nobeli ikaja 2015. Ukiyatazama hayo mapishi, humo hakuna Mti wala Moto. Kuna mmea, maji, na mtu aliyeangalia vizuri.

Upande wa pili wa hiyo sarafu, shangazi yangu. Kliniki moja ilimwambia presha yake ni Moto uliozidi juu ya Maji yaliyopungua figoni, akapewa pakiti za unga za Sh. 8,000, na akaambiwa vidonge vya presha "vinachanganya mfumo." Akaviacha. Miezi miwili baadaye alianguka jikoni. Yuko sawa sasa, amerudi kwa vidonge vyake. Lakini angalia maneno yalivyofanya kazi. Hakuna aliyemwambia "niamini mimi." Aliambiwa maji na moto, na nani anabisha na maji na moto?

Na hii si ya shangazi pekee. Kalenda ya Kichina inaunganisha hizi tano na wanyama 12 kwenye mzunguko wa miaka 60. Farasi tayari ni wa Moto, kwa hivyo mwaka wa Farasi wa Moto ni moto juu ya moto. Kalenda ilifika Japani zamani, na huko ikazaa imani kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo ni mkali mno na atafupisha maisha ya mume wake. Waliihusisha na Oshichi, msichana aliyechomwa hadi kufa mwaka wa 1683 kwa kuwasha moto mjini Edo, ambaye watu walisema alizaliwa 1666. Hesabu 60 mara tano kutoka hapo unafika 1966: Japani ya runinga, ya treni za kasi, iliyokuwa imetoka kuandaa Olimpiki. Mwaka wa 1965 walizaliwa watoto kama milioni 1.82. Mwaka wa 1966, milioni 1.36. Mwaka wa 1967, milioni 1.93. Hakukuwa na vita wala njaa. Wazazi waliahirisha, wengine wakatoa mimba, wasije wakapata binti ambaye hataolewa.

Mwaka wa 2026 ni Farasi wa Moto tena. Wale wasichana waliozaliwa hata hivyo wanatimiza miaka 60.